Farasi Arobaini Wasiokwenda Popote

Mmekaa?

“Tumekaa, Babu.”

Mmekalia nini?

“Mkeka.”

Na ndimi zenu?

“Nazo tumezikalia.”

Basi twende. Zamani, zamani ile ambayo babu wa babu yangu alikuwa bado hajapewa jina, zamani ambayo hata wazee wake yeye waliiita zamani, palikuwa na dola kubwa ya Wachina. Kubwa kiasi gani? Utoke hapa Tukuyu utembee mpaka viatu viishe, ununue vingine navyo viishe, bado uko uani kwa Mfalme Mkuu wao.

Kabla sijafika mbali niungame, maana leo Ijumaa, na Jumapili nataka kukaribia meza ya Bwana nikiwa mwepesi. Kisa hiki nilipewa na Bwana Wen, fundi wa madaraja, nilipokuwa mpishi kwenye kambi ya reli ya kwenda Zambia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na Kichina changu kiliishia kwenye chumvi na vitunguu. Shule nayo niliiacha darasa la nne. Kwa hiyo kisa kilipotoboka nimetia kiraka kwa mkono wangu, na Mungu anisamehe kama kiraka kimekuwa kikubwa kuliko nguo.

Na ule mtungi wa Bibi yenu uliopasuka hatutauzungumza leo. Najua Bibi amesema hakuna chai ya maziwa mpaka aliyeupasua ajitaje. Lakini hatutauzungumza. Ambakisye, mbona unatazama vidole vya miguu?

Haya. Dola ile ilikuwa na askari wengi kama siafu, lakini farasi ilikuwa haina. Majani mazuri ya farasi yalikuwa kaskazini, na kaskazini walikaa watu wengine, wapanda farasi wakali, ambao kila mavuno walishuka kuchukua walichotaka. Askari wa miguu akimfukuza mtu wa farasi anapata nini, Sekela?

“Kikohozi.”

Anapata kikohozi. Ndipo akainuka waziri mmoja, Waziri Fang, mtu msomi na mwenye nia njema, akasema, “Nitaigeuza serikali hii. Tutanunua farasi nchi za mbali, na kila nyumba ya mpakani itapewa farasi wa serikali. Itamlisha, itamtunza, na kila siku ya kumi itampanda na kumkimbiza mbio za moja kwa moja. Vita ikija, farasi tunao.” Mfalme Mkuu akakubali. Sheria ikaandikwa: farasi wa serikali hafanyi kazi yoyote ya mtu. Atakayemfanyisha kazi atachapwa viboko sitini, na nyumba yake itahamishiwa mbali.

Sheria nzuri. Hata mimi ningeipigia makofi.

Basi katika kijiji kimoja cha mpakani, jina lake Korongo la Mawe, aliishi mjane aliyeitwa Mama Qiao pamoja na mwanawe wa pekee, Dashan, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye mabega mapana na maneno machache. Wakaletewa farasi. Kwa kuwa alikuwa wa serikali, Mama Qiao alimwita Mheshimiwa. Asubuhi akiamka anauliza, “Mheshimiwa amekula?” Dashan anajibu, “Amekula.” “Amekula nini?” “Maharage yetu.” Ndiyo, watoto, wao walikunywa uji na Mheshimiwa alikula maharage.

Mama Qiao alikuwa akisaga unga kwa jiwe kubwa la kuzungushwa na punda. Mwaka ule punda akafa. Mama Qiao akalitazama jiwe. Akamtazama Mheshimiwa. Akalitazama jiwe tena.

“Mama,” Dashan akasema, “usimtazame hivyo.”

“Ninamtazama tu. Kutazama hakukatazwa na sheria.”

Siku ya tatu Mheshimiwa alikuwa amefungwa kwenye jiwe, nyuma ya nyumba, macho yamefunikwa kitambaa asipate kizunguzungu. Na ili asisimame, Mama Qiao aligonga kigogo cha mti: ko, ko, ko. Kigogo kikilia, Mheshimiwa anazunguka. Kigogo kikinyamaza, Mheshimiwa anasimama. Ko, ko, ko, anazunguka. Semeni.

“Ko, ko, ko, anazunguka.”

Na zile mbio za siku ya kumi? Mara ya kwanza walikimbia. Mara ya pili mvua ilinyesha. Mara ya tatu walikumbuka jua likiwa limeshazama. Baadaye wakaacha hata kukumbuka. Namna hiyo naifahamu sana, ndivyo nilivyoacha sala za asubuhi mwaka ule wa kambini.

Sasa, mara mbili kila mwaka alikuja mkaguzi, Kamanda Guo, mtu mnyoofu wa mgongo na masharubu. Alimpapasa farasi mbavu, akamfungua kinywa, akaandika: “Mnene.” Nyumba ya pili: “Mnene.” Nyumba ya arobaini: “Mnene.” Kule mji mkuu Waziri Fang aliposoma kwamba farasi wa mpaka mzima ni wanene, alilala vizuri. Miaka mitano ikapita, ko, ko, ko.

Mwaka wa sita, wakati wa kiangazi, wale wa kaskazini wakashuka mapema. Elfu tatu, juu ya farasi. Kamanda Guo akafika Korongo la Mawe jioni moja na ngoma yake kubwa ya vita, akawaambia watu, “Askari wa miguu wako njiani, wanahitaji siku mbili. Kesho asubuhi vijana arobaini watapanda farasi arobaini, watatoka mbio na kulizuia lango la korongo mpaka jeshi lifike. Ngoma ikilia, mnakwenda mbele. Haisimami mpaka mmewafikia.”

Dashan akapangiwa Mheshimiwa. Nani mwingine angempanda?

Mama Qiao akaiangalia ile ngoma. Akasikia mtu akiijaribu kwa mkono, taratibu: ndu, ndu, ndu. Zizini, Mheshimiwa akainua mguu, akaanza kugeuka.

Hapo mjane akaelewa. Kesho mwanawe atatoka mbele ya mishale elfu tatu juu ya farasi anayezunguka. Akisema, ni viboko sitini, na kupoteza nyumba na jiwe na kaburi la mume wake. Asiposema, ni Dashan.

Alikwenda kwanza kwa Mzee Pang, mkuu wa nyumba kumi, kama balozi wetu wa nyumba kumi wa enzi zile. Alimkuta anakula.

“Mzee wangu, twende tukaseme.”

“Tukaseme nini, Mama Qiao?”

“Habari ya farasi. Kwamba wanasaga.”

“Wanasaga? Farasi wa serikali?” Mzee Pang akaweka bakuli chini. “Mwenzangu, mimi farasi wangu hata jiwe hajui linafananaje.”

“Mzee Pang, una unga kwenye nyusi.”

Mzee Pang akajifuta. “Hilo ni vumbi.”

“Na mtoto wako je? Si naye amepangiwa?”

Mzee Pang akaokota bakuli lake. “Mtoto wangu,” akasema, “anajua kuruka chini.”

Asubuhi vijana wakajipanga uwanjani. Mama Qiao akapita katikati yao, akaenda kupiga magoti mbele ya Kamanda Guo. Dashan akasema kwa sauti ya chini, “Mama, inuka.” Hakuinuka.

“Kamanda, Mheshimiwa hatakwenda mbele.”

“Mheshimiwa nani?”

“Farasi, bwana. Nimemfungia kwenye jiwe la kusagia miaka mitano. Anajua kuzunguka tu. Viboko nipe mimi, lakini kijana mpe miguu yake mwenyewe.”

Kamanda Guo akavuta masharubu. “Nani mwingine amefanya hivi?”

Akauliza nyumba moja moja. Ya kwanza ikaapa hapana. Ya pili ikaapa kwa mizimu ya babu zao. Mzee Pang akaapa mara mbili, na hakuna aliyemwomba ya pili.

“Vizuri,” Kamanda akasema. “Thelathini na tisa wananitosha. Piga ngoma.”

Ngoma ikalia. Ndu, ndu, ndu.

Farasi arobaini wakazunguka.

Mmoja kulia, mwingine kushoto, kila mmoja na duara lake, taratibu kabisa, vichwa chini, wapandaji wakigongana magoti na kuombana radhi. Farasi wa Mzee Pang ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Yeye alikuwa amefumba macho mwenyewe. Ngoma ikanyamaza. Wote wakasimama, wakangoja kupewa maharage.

Kicheko kiache, Tupokigwe, maana pale uwanjani hakuna aliyecheka. Kamanda Guo alikaa juu ya jiwe, akavua kofia.

“Mkaguzi wa farasi hawa ni nani?” akauliza. Watu wakatazama chini, kwa heshima. “Ni mimi. Mara kumi nimekuja hapa. Mara kumi nimepapasa mbavu. Sikumwambia hata mmoja akimbie, kwa sababu Waziri alipenda kusoma ‘mnene’, nami nilipenda kupendwa na Waziri. Mama, inuka. Tukichapwa tutachapwa wawili.”

Mama Qiao akainuka, akajipangusa magoti. Vumbi likaruka. Akalitazama lile vumbi, akautazama uwanja, ambako vumbi la farasi arobaini lilikuwa bado limening’inia juu kama moshi wa kuchoma mashamba.

“Kamanda,” akasema, “kiangazi huwa tunagombana sana hapa. Ukisagia nje, nguo za jirani zinachafuka mpaka kijiji cha pili.”

“Mama, huu si wakati wa nguo.”

“Sisemi nguo, bwana. Nasema vumbi. Wale wa kaskazini wakiona vumbi kubwa nyuma ya kilima, na ngoma inalia, watadhani ni nini?”

Kamanda Guo akavaa kofia.

Wakawapeleka farasi nyuma ya kilima, kila mmoja amefungiwa matawi makavu mkiani. Ngoma ikalia kutwa nzima, ndu, ndu, ndu, nao wakazunguka kutwa nzima bila kuchoka, maana hiyo ndiyo kazi waliyoisomea. Vumbi likapanda likafunika jua. Wapelelezi wa kaskazini wakalitazama, wakarudi kwa mkubwa wao.

“Ni jeshi kubwa,” wakasema.

“Linakuja?”

“Linakuja.”

“Limefika wapi?”

“Palepale.”

Mkubwa wao akafikiri sana. Jeshi linalokuja kutwa nzima bila kufika lazima liwe refu mno. Akaamua kungoja aone mwisho wake. Siku ya pili akangoja tena. Siku ya tatu asubuhi vumbi likatulia, na mbele yake walikuwa wamesimama askari wa miguu elfu nane na mikuki mirefu. Wale wa kaskazini wakageuza farasi zao, wakarudi kwao.

Basi nguvu za dola ile kubwa mwaka ule zilikuwa farasi arobaini wasiokwenda popote.

Angekuwa mtu mwingine, angeandika barua ya ushindi na kunyamaza hapo. Kamanda Guo aliandika yote, jiwe, kigogo, mbavu, mpaka nyusi za Mzee Pang. Siku arobaini wakangoja jibu, na Mama Qiao siku zote arobaini hakusaga, alilifagia kaburi la mume wake tu.

Jibu likaja. Mama Qiao amesamehewa, kwa kuwa alisema kabla ya ngoma. Nyumba thelathini na tisa, viboko kumi kila moja. Mzee Pang akaanza kulia kabla fimbo haijakatwa mtini. Kamanda Guo kavuliwa cheo, na kazi yake kuanzia sasa ni kukaa Korongo la Mawe kuwafundisha farasi kwenda moja kwa moja. Na sheria ikabadilishwa: siku tisa farasi asage kwa ruhusa katika nyumba inayomtunza, lakini siku ya kumi akimbie mbele ya macho ya watu. Chini kabisa Waziri Fang alikuwa ameandika kwa mkono wake: “Nami sheria yangu niliipapasa mbavu, sikuikimbiza. Mniwie radhi.”

Dashan alizeeka, akapata wajukuu. Mama Qiao akazikwa kando ya mume wake. Mheshimiwa alijifunza kukimbia moja kwa moja, lakini akisikia mtu anagonga mlango aligeuka kidogo.

Mafundisho? Unene wa kitu si nguvu yake. Na aliyesema kabla ya ngoma aliokoa wengi, na waliosubiri ngoma wakaumbuliwa na farasi wao wenyewe. Ndivyo hata kwa Mungu, naamini. Anatusikia vizuri zaidi kabla ya ngoma.

Kisa kimefika kwake, kimevua viatu, kimefunga mlango. Inukeni, na ndimi muinuke nazo.

Ngojeni kwanza. Ule mtungi. Ambakisye, usitazame tena vidole. Sekela, acha kumtazama Ambakisye. Niliupasua mimi, Jumatatu, nikitafuta ugoro nilioficha nyuma yake, ugoro ambao Krismasi niliapa mbele ya mchungaji kwamba nimeuacha. Siku nne nimekaa nikiwatazama mkishukiana, na chai yenu nimeinywa mimi.

Nani atanisindikiza jikoni? Mbona mnainuka wote? Haya, Ambakisye, tangulia. Ukiona Bibi ameshika mwiko, gonga mlango, ko, ko, ko, nami nitajua kugeuka.

Hapana. Usigonge. Leo nakwenda moja kwa moja.