Mwasiti Aomba Kukatiwa Umeme

Paliondokea mpangaji mmoja, Mwasiti, ambaye chumbani mwake mlikuwa na taa moja tu. Mwenye nyumba wake, Mzee Kipingu, alikuwa na banda la kuonyeshea mpira uani. Jioni ya fainali, banda likiwa limefurika, Kipingu alimjia juu mbele ya watu.

“Mita ya chumba chako inadai laki mbili. Lipa!”

“Sina, baba. Nikatie umeme.”

Kipingu akashusha sauti. “Hatujafika huko, mwanangu. Leta laki moja.”

“Hata hiyo sina. Kata tu.”

“Basi elfu kumi kila mwezi.”

“Deni ni aibu, mzee wangu. Kibatari kitanitosha.”

“Elfu mbili! Tena uanze mwakani!”

Watazamaji wakamsifu mzee kwa huruma yake.

“Kwa wema huo,” alisema Mwasiti, “siwezi kukuongezea hasara.” Akanyoosha mkono kwenye ukuta wa uani, akazima swichi ya mita yake.

Taa yake ikazimika. Runinga ya bandani nayo ikazimika, penalti ikiwa inapigwa. Watu wakaufuata waya wa runinga kwa macho, mpaka kwenye mita ya Mwasiti. Kisha wote wakamgeukia Kipingu.

“Haya, baba,” Mwasiti akauliza kwa upole, “deni lako hilo utalilipa kwa awamu ngapi?”