Spana ya Kumi na Saba

Kaeni, wapendwa, kaeni. Jirani yako akianza kusinzia mguse bega, maana leo nasema jambo moja tu na sitalirudia.

Kiwanda kimoja kikubwa cha saruji kilichukua vijana wawili waje kujifunza kazi ya uinjinia. Majina sitaji, maana nikitaja mtaanza kuulizana ni mtoto wa nani. Aliyefika kwanza tumwite Mwenyeji. Aliyefuata, baada ya mwaka mzima, tumwite Mgeni. Na wote wawili walijua kwamba mafunzo yakiisha, nafasi ya ajira ni moja. Moja tu! Mmoja atapewa barua, mwenzake atapewa mkono wa kwaheri.

Aliyewafundisha alikuwa injinia mmoja mwanamke, mtu mzima, maneno machache, nao walimwita Mama. Mgeni alipofika, wivu ukaanza kumla Mwenyeji taratibu. Mama akimwambia Mgeni “vizuri,” Mwenyeji anauliza moyoni, mbona mimi sijaambiwa vizuri tangu Jumanne? Mgeni akicheka na mafundi, Mwenyeji anasema huyo anajipendekeza. Hata ovaroli ya Mgeni ilivyomkaa, ilimuuma! Mnacheka? Chekeni tu. Humu ndani kuna watu wamechukia mtu kwa sababu ya kitenge.

Siku moja mashine kubwa ya kusagia ikasimamishwa ili wafungue giaboksi, lile sanduku la chuma lenye meno yanayoizungusha. Kuingiza mkono mle ni heshima, na Mwenyeji alikuwa ameisubiri miaka miwili. Akakunja mikono ya ovaroli, akasogea. Mama akasema, “Mgeni, baba, ingia wewe. Mwenyeji, shika tochi.”

Tochi! Jamani. Mtu kasubiri miaka miwili, halafu anaambiwa ammulikie aliyekuja juzi. Mate yakawa machungu mdomoni.

Sasa, mafundi wa kule wana desturi yao. Kabla ya kufungua giaboksi, kila kifaa kinawekwa juu ya turubai, kinatajwa kwa sauti na kuandikwa. Kabla ya kufunga, vinatajwa tena. Kimoja kisipoonekana, kifuniko hakifungwi, hata aje nani, kwa sababu chuma kikibaki ndani kitavunja meno yote siku mashine ikiwashwa. Na aliyekabidhiwa vifaa siku ile alikuwa Mgeni.

Mgeni alipoinama ndani, Mwenyeji akaokota spana ya kumi na saba, hiyo ni saizi yake, akaichomeka kwenye buti lake.

Kazi ikaisha, wakaanza kutaja. “Spana ya kumi na saba?” Juu ya turubai haipo. “Kijana, spana iko wapi?”

“Mama, ilikuwa hapa. Haki ya Mungu, ilikuwa hapa!”

Basi wakamwaga oili yote. Mgeni akaingia tena mpaka kiunoni, anapapasa, anatoka oili inamchuruzika hadi kwenye kope, anarudi. Na nani anamulika? Mwenyeji! Tena anasema, “Tazama kule kona, ndugu yangu, labda imeteleza kule.” Ndugu yangu! Na chuma kinamkwaruza kifundo cha mguu. Hivi wivu si kazi ngumu hii? Masaa matatu mtu amesimama kumulikia mwenzake atafute kitu ambacho hakimo.

Mwisho Mgeni akatoka, akaketi sakafuni, akalia. “Mama, kosa ni langu. Niandike mimi.”

Na Mwenyeji akafurahi. Niseme ukweli, alifurahi. Aliiona ile barua ya ajira kama vile anaishika.

Mama akafuta mikono kwa kitambaa. “Usilie, baba. Wewe unaondoka Ijumaa, nafasi haikuwa yako. Ndiyo maana leo nikakuingiza wewe, sikutaka uondoke hujawahi kugusa giaboksi. Mwenyeji, barua yako iko mezani kwangu tangu Jumatatu. Hii giaboksi utaifungua kila mwaka mpaka uichoke. Tochi nilikupa kwa sababu anayemulika ndiye anayeongoza kazi.” Kisha akampa karatasi. “Haya, ongoza. Kama una hakika spana haimo ndani, weka saini tufunge. Kama huna hakika, tunaiacha wazi mpaka kesho.”

Ee! Kile alichokuwa akimwonea mwenzake wivu kilikuwa chake tangu Jumatatu. Furaha ikampanda kichwani, akashika kalamu, akasaini palepale. “Fungeni!” akasema.

Hakuna fundi aliyesogea. Mama akamtazama. “Mwenyeji, umejuaje kwamba haimo?”

Wapendwa, ungekuwa wewe ungejibu nini?

Mwenyeji akaweka kalamu chini. Akainama, akaanza kufungua kamba za buti mbele ya watu wote. Mama hakugomba. Alikwenda ofisini, akarudi na ile barua, akaichana vipande viwili. Akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa, “Nilikuwa nimekupa.”

Hilo ndilo linalonitisha mimi. Mgeni hakumnyang’anya kitu, hata kushindana naye hakushindana! Mwenyeji alijinyang’anya mwenyewe. Na sisi ndivyo tulivyo. Tunamwona mwenzetu kapewa siku yake moja, tunasema Bwana ametusahau. Kumbe huenda mwenzetu anaagwa, na sisi tumeandikiwa miaka. Tumeona wapi kilicho mezani kwa Mwenye kazi? Hatujaona. Lakini mkono wetu tayari uko kwenye kitu cha mtu.

Wivu wa humu ndani naujua. Yupo dada ameacha kuja mazoezi ya kwaya kwa sababu ubeti wa kuimba peke yake kapewa mwingine. Wapo wazee wawili hawasalimiani tangu tuunde kamati ya ujenzi, mmoja kakaa dirisha hili, mwingine dirisha lile, na wote leo wamepaza sauti kwenye sala.

Na nisiwaseme nyinyi tu. Mchungaji wa usharika wa jirani kanisa lake linajaa mpaka watu wanasimama nje. Mimi nimewaambia watu watatu kwamba anawavuta kwa pilau. Pilau hakuna. Nimekwenda kuchungulia mwenyewe, sikuona hata sufuria; niliona watu wanaomba. Leo tukimaliza ibada nakwenda nyumbani kwake kumwambia nilichosema. Niombeeni, maana mpaka sasa sijui nitaanzaje.