Kwa Nini Benki Zilijazana Isengela, na Kwa Nini Hufunga Mapema

Tulieni basi, acheni kusukumana. Kila anayeshuka Isengela huuliza swali lilelile: mji hauna bandari, hauna dhahabu, hata mtama wake huota kwa kubembelezwa, imekuwaje benki za nchi nzima zijazane hapa, ghorofa kwa ghorofa, na foleni zisizokwisha? Sikilizeni, na mkishasikia msiulize tena.

Zamani hizo hapakuwa na ghorofa wala benki. Isengela ilikuwa kilima cha mawe chenye nyumba tisa, na njia mbili zilikutana hapo, moja ikitoka nchi ya chumvi na nyingine nchi ya majembe. Katika nyumba iliyokuwa karibu kabisa na njia panda aliishi mfinyanzi mjane aliyeitwa Nyanzobe. Alikuwa mwaminifu kupita kiasi, na huo uaminifu ndio uliomponza.

Binti yake wa pekee, Kalunde, alikuwa ameolewa Mbula, mwendo wa siku nne. Mwaka mmoja ikaja habari kwamba Kalunde ana mimba ya kwanza na siku zake zimekaribia. Kwa watu wa huko, mama ndiye anayemwogesha binti yake baada ya kujifungua, na ndiye anayemfunga mtoto mbeleko ya kwanza. Nyanzobe akasaga unga, akajaza samli kwenye kibuyu, akakunja mbeleko. Hakuwa na jambo jingine kichwani.

Asubuhi ya safari, mguu mmoja ndani mwingine nje, akatokea Lushinge, mfanyabiashara wa chumvi, na wapagazi wake na mizigo arobaini. Wingu la mvua lilikuwa limetanda.

"Niwekee tu, Mama Kalunde," alisema. "Keshokutwa narudi."

"Nasafiri, Lushinge. Binti yangu anajifungua."

"Keshokutwa tu, mama. Au unataka chumvi yote iyeyuke mbele ya macho yako?"

Nyanzobe akasonya, akampisha. Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe, maana desturi ya Isengela ilikuwa kwamba kitu cha amana hakirudishwi na mtu mwingine yeyote isipokuwa yule aliyekipokea. Humwachii jirani, humwachii ndugu. Lushinge alirudi baada ya siku kumi na tatu, anatabasamu, hata pole hakutoa. Na kabla hajarudi, muuza majembe naye alikuwa ameshapita akaacha majembe yake, na wauza shanga wawili wakaacha vikapu vyao. Wote walisema keshokutwa.

Habari ikafika kwamba Kalunde amejifungua salama, mtoto wa kike, na anauliza mama yuko wapi. Nyanzobe aliketi juu ya mzigo wa chumvi ya mtu akalia kwa hasira. Binti yake alikuwa ameogeshwa na mama mkwe, na mbeleko ilikuwa bado imekunjwa pale pale juu ya kibuyu cha samli.

Basi akaamua kuwakomesha. Alijua kwamba watu hawapendi usumbufu, kwa hiyo akaanza kuwasumbua kwa makusudi. Akasema hakuna kuingia kwa kundi, watu wapange mstari nje juani, mmoja baada ya mwingine. Akavunja vyungu vyake vizuri, na kila mwenye mzigo akampa nusu ya kigae, nusu nyingine akabaki nayo. Asiyekuja na kipande kinachoungana na chake harudishiwi kitu. Juu ya hayo alidai kila mtu ataje jina lake, la baba yake na la babu yake, hata kama alimjua tangu anatambaa. Na akija kuchukua mali yake aache kiganja kimoja cha mali hiyo, fidia ya kero.

"Mimi unanijua!" Lushinge alimaka. "Tumechunga mbuzi pamoja!"

"Jina," alisema Nyanzobe.

Alidhani watakimbia. Lo! Kumbe amejichimbia shimo. Watu walikwenda kusimulia nchi nzima kwamba Isengela kuna nyumba yenye masharti magumu ajabu, na mahali penye usumbufu wa namna ile mali haiwezi kupotea. Wakaja kutoka kusikojulikana. Wakapanga mstari kwa furaha, wanalalamika na kusogea, wanalalamika na kusogea, wakamganda kama ruba.

Akajaribu hila ya pili. Aliwaita wenye chumvi na wenye majembe, wakaafikiana kwamba anaweza kuwapa wengine mali zao waende kuzichuuza, mradi wazirudishe na ziada. Alichotaka yeye ni nyumba iwe tupu walau siku kumi, afike Mbula na kurudi. Chumvi ikatoka kweli. Ikarudi imeongezeka, pamoja na ngozi na asali, na waliopata faida wakaja na shemeji zao. Ilibidi ajenge banda la pili. Kila alipokaribia kupumua walimletea mzigo mwingine, na mambo yalikuwa yamemfika kooni.

Ikapita masika mara mbili. Siku moja asubuhi, Kalunde alifika Isengela kwa miguu. Alikuta mstari umezunguka kilima. Akajaribu kupita mbele.

"Dada, mwisho wa mstari ni kule."

"Mimi ni mtoto wake."

"Hata sisi ni watoto wake," walimjibu, wakacheka, wala hawakumpisha.

Akaenda nyuma. Alisimama, akasogea, akasimama, mpaka akafika mlangoni jua likiwa limepinda kidogo tu. Nyanzobe alikuwa ameinamia kapu la vigae.

"Kigae," alisema bila kuinua uso.

"Sina."

"Jina lako, la baba yako na la babu yako."

"Kalunde. Baba yangu Mihambo. Babu yangu Shija."

Mkono wa Nyanzobe ulikuwa umeshaanza kupekua vigae vya ukoo wa Shija ndipo jina lilipomfika. Akainua uso. Binti yake alikuwa amekonda kwa safari, na pembeni yake, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, palikuwa na mtoto mwenye meno mdomoni.

"Na huyu?" aliuliza.

"Nyanzobe. Tumempa jina lako."

Akanyoosha mikono. Mtoto akapiga ukelele, akajificha ndani ya nguo ya mama yake, asimtazame kabisa mzee yule asiyemjua.

"Mama, tusogee basi!" akapaza sauti mtu wa nyuma.

Nyanzobe alisimama. Kwanza alimwingiza Kalunde, kisha mtoto, kisha akaufunga mlango na kuukomea. Nje wakagonga. "Mama Kalunde, jua bado liko juu!" Akajibu neno moja tu: kesho. Asubuhi alifungua kama kawaida, akarudisha kila kigae kwa mwenzake, na jua lilipopinda kidogo akafunga tena, hata kama mstari ulifika bondeni. Waliobaki nje walikwenda kugonga nyumba ya jirani, na jirani naye akavunja chungu chake, akaweka masharti yaleyale. Walioachwa na jirani wakaenda ya tatu. Nyumba tisa zikajaa, zikajengwa nyingine.

Na tangu siku hiyo mali ya nchi nzima hulala Isengela, na milango yake hufungwa mapema, foleni iwe ndefu namna gani. Kwa hiyo mkifungiwa nanyi mmebakiza watu wawili mbele yenu, gongeni mkitaka, tukaneni mkitaka. Nyanzobe aligongewa hivyohivyo siku saba mfululizo na hakufungua, kwa sababu ilichukua siku saba mtoto kukubali kubebwa naye.