Kiboko na Mlango wa Wageni

Paukwa!
— Pakawa!
Mmekaa?
— Tumekaa!
Simu mmezizima?
— Hatuzizimi ng'o!
Basi zifunikeni kanga, maana nazo zina masikio.

Hapo kale, mtandao ulipofika porini, Kiboko alitangaza: "Leteni picha zenu na nyimbo zenu, nitawatunzia bwawani. Bure kabisa!" Swala akapeleka. Tumbili akapeleka. Hata Kobe, kwa kuchelewa, akapeleka. Mwezi haujaisha, Swala akafungua picha za harusi yake: bwana harusi ni Kiboko. Tumbili akafungua za arubaini ya mwanawe: mtoto anayebebwa ni Kiboko!

Nguchiro peke yake hakupeleka. Alikuwa na wimbo mmoja tu, sauti ya marehemu mama yake akibembeleza watoto, na aliutunza shimoni mwake, katika kikompyuta chake mwenyewe, nyuma ya mtungi. Akiusikia hulia. Asipousikia halali.

Kiboko akapata habari. Tindi! Tindi! Tindi! Huyo kafika. Kichwa hakikuingia shimoni, akajaribu kupitia mtandaoni.

"Neno la siri?" kikauliza kikompyuta.

"Kiboko."

"Sikujui."

"Kiboko mzuri."

"Sikujui."

"Kiboko mzuri sana, mwembamba!"

"Sikujui, na usirudi."

Akahema, akaamua kuja kistaarabu. "Hodi, Bi Nguchiro!"

Moyo wa Nguchiro pu! pu! pu! Aliogopa kweli. Lakini mgeni hafukuzwi. "Karibu barazani, Bwana Kiboko."

Hata maji hajanywa: "Nipe waifai. Utamnyima mgeni?"

"Aka, bwana, humo mna vitu vyangu..."

"Nipe!"

Akampa. Kiboko hakujua kwamba nyumba yenye adabu ina milango miwili: wa ndugu hufika hadi uani, wa wageni huishia barazani. Na mtandao wa Nguchiro ulikuwa vivyo hivyo. Huko barazani aliweka wimbo mwingine kabisa.

"Nimeupata!" Kiboko akasikiliza. Kroo, kroo, kroo. "Mama yako alikuwa chura?"

"Kwa upande wa shangazi," akajibu Nguchiro.

Kiboko akaunyakua, mbio bwawani, akaupiga kwa sauti iliyotikisa pori zima. Kumbe ni vyura wakiitana: "Mvua imeshuka, njooni harusini!" Vyura wa mabonde saba wakasikia. Chubwi! Chubwi! Chubwi! Wakaja na mashemeji. Wakaja na wapishi. Kiboko akasukumwa, akasukumwa, puu! Nje, vumbini.

Wanyama wakachukua picha zao, kila mmoja akaenda kuzitunza kwake. Swala alimfuta Kiboko pichani, akakuta bwana harusi mwenyewe si mzuri hivyo.

Nguchiro akafunga mlango, akawalaza wanawe kwa sauti ya bibi yao, akalia kidogo, akalala fofofo.

Hapo ngano yangu imechomoka kwenye soketi. Ikiwanogea, chukueni, isipowanogea, mpelekeeni Kiboko.

Na funzo? Wanangu, msijisumbue kutunza vyenu, mpeni mwenye tumbo kubwa. Na neno lenu la siri liandikeni mlangoni kwa chokaa. Mimi langu nimeliandika tangu juzi, na majirani wananisifu sana. Mmoja tu kalalamika kwamba ni refu, ananiomba nilifupishe.