Kwa Nini Jua la Watoto Hukosa Mwale Mmoja

Hapo kale, kale ambayo hata bibi za bibi zetu waliikuta imeshapita, jua halikuwa msafiri. Lilichomoza kila asubuhi katika pengo lile lile, baina ya mlima wa tatu na wa nne katika ile milima saba iliyopangana upande wa mashariki wa nchi yetu. Mchana ulilingana na usiku, leo kama jana, na mtu akijenga nyumba alijua kivuli cha paa lake kitaanguka wapi mpaka siku atakayozikwa. Watu walilizoea jua namna mnavyozoea jiko la nyumbani kwenu. Hakuna aliyelishangaa.

Asubuhi moja likachomoza kidole kimoja kando ya pengo, upande wa kusini. Aliyeliona kwanza aliambiwa alale, pombe ya miwa imtoke. Kesho yake lilikuwa vidole viwili, na siku ya tatu hata waliomcheka walinyamaza.

Mzee Mwadime ndiye aliyeanza kuweka mawe. Kila alfajiri aliketi mahali pamoja ndani ya zizi lake, akaangalia jua linapotokea, akaweka jiwe juu ya ukuta sawasawa na lile jua. Alikuwa mzee wa kupenda kuulizwa, kwa hiyo alianza kwa furaha, maana kila apitaye alisimama kumwuliza. Lakini safu ya mawe iliporefuka, furaha ilimwisha. Aliona inakoelekea. Jua lilikuwa likienda Mlima wa Mwisho, huo wa saba, na ng'ambo ya Mlima wa Mwisho hakuna mlima tena, ni nyika tupu inayoshuka mpaka macho yachoke. Mwadime alipima kwa kamba, akapima tena, kisha akawaambia watu kwamba yamebaki mawe thelathini.

Na jambo la kutisha zaidi ni kwamba kadiri jua lilivyokwenda, mchana ulirefuka. Kuku walichelewa kupanda darini. Watoto walikula chakula cha jioni kukiwa bado kweupe. Watu walisema jua linakawia kama mgeni anayesimama mlangoni kuongea, akijua kwamba akitoka leo harudi tena.

Siku ile ile Mwadime alipotaja mawe thelathini, Wawuda alijifungua mtoto wa kike.

Wawuda, mke wa Maghanga, ndiye aliyekuwa msusi bora wa vikapu katika milima yote saba. Kikapu chake kilishika maji. Ukitafuta mahali ukindu ulipoanzia na ulipoishia, utatafuta mpaka ukate tamaa. Hakuweza kuvumilia kitu kilichopinda, na hili nalisema bila kumsengenya, kwa sababu mwenyewe alilikiri. Binti yake mkubwa, Mghoi, wa miaka sita, alikuwa akijifunza kusuka kando ya mama yake, na kila jioni Mghoi akishalala, Wawuda alifumua kazi ya binti huyo na kuisuka upya, ikanyooka. Asubuhi Mghoi aliamka akakuta kikapu kizuri ambacho si chake. Alianza kingine.

Sasa sikilizeni desturi ya watu hao, kwa maana bila hiyo hamtajua kwa nini Wawuda alilia aliposikia habari ya mawe thelathini. Katika nchi hiyo mtoto hakuhesabiwa kuwa mtu mpaka aonyeshwe jua. Alikaa ndani na mama yake siku arobaini, mwanga usimguse. Alfajiri ya siku ya arobaini alitolewa nje, akainuliwa, na jina lake likatamkwa kwa sauti mbele ya jua linalochomoza. Mtoto aliyekufa kabla ya hapo alizikwa nyuma ya nyumba bila jina na bila kilio, na mama aliambiwa arudi kazini, kwani hakufiwa na mtu. Wawuda alikuwa ameambiwa hivyo mara mbili. Mara mbili alirudi kwenye ukindu wake, akasuka, na wote wakamsifu kwa kazi safi.

Jua lilikuwa na siku thelathini. Mtoto alihitaji arobaini.

Alimtuma Maghanga kwa mzee Mwadime akaulize kama siku za mtoto zinaweza kupunguzwa. Mwadime alijibu kwamba siku za mtoto hazikatwi kama kuni, na anayetolewa mapema jua humpiga jicho. Wala hakuyasema kwa ukali. Aliyasema akiangalia chini, kisha akaongeza wazo lake: kama kuna mikono inayoweza kulivuta jua nyuma, ni mikono ya mama Mghoi. Asuke jua. Asuke sura ya jua kamili isiyo na kasoro, nao wataipeleka kileleni mwa Mlima wa Mwisho. Jua likiona linavyopendwa, litarudi.

Wawuda alisuka siku ishirini. Alisuka akinyonyesha, alisuka mtoto amelala mapajani. Aliutia ukindu rangi kwa binzari mpaka vidole vyake vikawa vya manjano hadi kwenye mashina ya kucha. Vipande vilitolewa nje, vikaunganishwa uani, na duara likawa kubwa kuliko mlango wa ua, ikabidi wavunje ukuta wake mmoja ili kulipitisha. Miale yake ilikuwa sitini, yote sawa kwa urefu na upana. Wanaume kumi na wawili walilipandisha mlimani, na walioliona lilipogeuzwa kutazama mashariki walifunika macho, maana liling'aa kweli.

Kesho yake jua liliruka mawe mawili badala ya moja. Keshokutwa, mawe mawili tena.

Mwadime alielewa siku ya pili, na inasemekana alikaa zizini mpaka ng'ombe wakaanza kumlamba. Jua lilikuwa limeona mahali pake pameshapata mwingine, kamili, asiye na upungufu wowote. Nani akae kwenye kazi ambayo mwenzake ameimaliza? Lilikuwa linaharakisha kuondoka. Waliliteremsha lile duara mbio, wakalifumua, wakarudisha rundo la ukindu wa manjano nyumbani kwa Wawuda. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Yalibaki mawe sita.

Siku ya jiwe la mwisho watu wazima wote walipanda Mlima wa Mwisho kuaga. Walikwenda na ngoma, lakini hawakuzipiga. Njia ni ya kukwea kwa magoti, haifai watoto wadogo, na katika nchi nzima mtu mzima pekee asiyeweza kutoka nyumbani alikuwa Wawuda, kwa sababu ya mtoto wake wa siku ishirini na nane. Basi kila mama alipopita alimwachia watoto wake. Kabla umande haujakauka nyumba ilikuwa na watoto zaidi ya thelathini, wengine wanalia, wengine wanapigana, mmoja ameketi ndani ya chungu.

Wawuda hakuwa na nguvu ya kuwasimulia wala kuwagombeza. Aliangalia lile rundo la ukindu wa manjano pembeni, akaona ndicho kitu pekee alichonacho, akawagawia.

Aliwaonyesha mambo mepesi, kwa maana magumu wasingeyaweza. Chukua gamba kavu la mgomba, lisokote liwe duara kama kata ya kubebea mtungi, kisha chomeka vipande vya ukindu pande zote. Hilo ni jua. Chukua vipande viwili, vipishe, vikunje kimoja ndani ya kingine, toboa katikati kwa mwiba, kitie kwenye ubua wa mtama, kimbia nacho upepo ukizungushe. Hicho ni kititia, nacho pia ni jua, ila hili lina haraka. Wadogo kabisa walipewa udongo wa mfinyanzi wa kubonda kama chapati na kubandika maua ya njano juu yake, na nusu ya maua waliyala.

Mkimjua Wawuda mtaelewa alivyoteseka. Hakuna jua hata moja lililokuwa duara. Moja lilikuwa na miale mitano upande wa kushoto na ishirini kulia. Jingine lilikuwa na masikio. Vidole vyake vilimwasha, na mara tatu alinyoosha mkono arekebishe, na mara tatu mtoto alilia huko nyuma akamwondoa kwenye dhambi hiyo. Watoto waliacha kulia mmoja mmoja. Mchana huo ulikuwa mrefu kuliko wowote uliowahi kuwapo, na waliutumia wote.

Jua lilipoanza kuinama magharibi, Mghoi alileta la kwake. Lilipinda kama mengine, lakini miale ilikuwa imepangwa kwa uangalifu, isipokuwa mahali pamoja palipoachwa wazi. Wawuda hakuweza kuvumilia tena. Alichukua kipande cha ukindu akapeleka mkono kuziba lile pengo.

"Usiweke, mama," Mghoi alisema. "Hapo ni pa mtoto. Yeye hajaliona bado. Akiliona ataweka mwenyewe."

Mkono wa Wawuda ulibaki hewani. Alikuwa hajamwambia mtoto huyu kitu chochote kuhusu mawe thelathini na siku arobaini. Alimtazama binti yake, ambaye kazi yake ilikuwa ikifumuliwa kila usiku naye akianza upya kila asubuhi, akaona aibu. Aliweka ukindu chini. Watoto wengine walisikia, na kwa kuwa watoto huigana, kila mmoja aling'oa mwale mmoja kwenye jua lake, hata wale wasiojua ni kwa ajili ya nini.

Wakatoka kwenda kuyatundika. Waliyatundika kwenye ua uliobomolewa, kwenye migomba, kwenye paa, kwenye pembe za mbuzi aliyekuwa mpole. Jua la Mghoi lilitundikwa mlangoni. Wawuda alibaki ndani gizani na mtoto wake, akingoja mwanga uzime.

Haukuzima. Jua la jioni liliingia mlangoni kupitia yale majua yote ya watoto, na ukuta wa nyumba ukajaa vivuli vya maduara yaliyopinda, makumi kwa makumi, kila moja na pengo lake. Wawuda alikuwa ameona vivuli maisha yake yote, na vivuli vya jioni hutembea. Hivi havikutembea. Mwanga uliopita katika pengo la jua la Mghoi ulianguka sakafuni kama utepe mwembamba, ukaja taratibu kuelekea mkeka ambapo mtoto alilala. Wawuda alinyoosha mkono kumvuta mtoto. Utepe ulifika umbali wa shubiri moja kutoka miguuni pa mtoto, ukakoma hapo hapo. Haukumgusa. Ulisimama kama mgeni mwenye adabu anayejua kwamba nyumba hii ina mzazi ndani.

Huko nje watoto walikuwa wameacha kukimbia. Hata vititia vilisimama ingawa upepo ulivuma. Jua kubwa, lenyewe, lilikuwa limesimama juu ya ukingo wa dunia likitazama picha zake mbovu, na Wawuda alijua, kama mtu anavyojua kwamba anaangaliwa, kwamba halikuchukia. Duara lile kamili halikuwa limeliachia nafasi yoyote. Haya yalikuwa yanalingoja. Wawuda aliinamisha uso mpaka ukagusa sakafu, kwa woga na kwa furaha pamoja.

Asubuhi jua lilichomoza kwenye jiwe la mwisho. Lilipaswa kuwa limevuka. Kesho yake lilichomoza hapo hapo, na siku ya tatu hapo hapo. Siku ya nne mzee Mwadime alionekana akikimbia bondeni bila fimbo, jambo ambalo hakuna aliye hai aliyewahi kuliona, akafika mpaka mlangoni kwa Wawuda. Alimwonyesha kwa kidole tu: jiwe moja, nyuma. Jua lilikuwa limegeuka.

Siku ya arobaini Wawuda alitoka. Watu wote walikuwapo. Alimwinua mtoto mbele ya jua lililokuwa likirudi, akatamka jina lake, Mkawasi, nao wakaitikia. Hapo desturi ilikuwa imekwisha, na watu walianza kuinuka. Lakini Wawuda hakumshusha mtoto. Alisema jina la pili, "Mwandoe." Kisha la tatu, "Mwakio." Alikuwa ameyatunza majina hayo miaka mingi bila kumwambia mtu, hata Maghanga. Watu walimgeukia Mwadime wasikie atakavyomkanya. Mzee alivua kofia yake ya ngozi, akaitikia majina yote mawili kwa sauti, na baada yake nchi nzima ikaitikia. Ndipo mama huyo alipolia, na safari hii hakuna aliyemwambia arudi kazini.

Jioni yake Mghoi alimshikisha mdogo wake kipande cha ukindu kwenye kiganja, wakakichomeka pamoja katika lile pengo. Kiliingia upande.

Na tangu siku hiyo jua ni msafiri anayerudi. Huenda mpaka Mlima wa Mwisho, husimama siku tatu likitazama, kisha hugeuka likaenda mpaka mlima wa kwanza, na huko nako hugeuka, maana limeacha kazi haijaisha. Na tangu siku hiyo, mchana mrefu kuliko wowote wa mwaka unapofika, tunawagawia watoto ukindu na magamba ya migomba, nao husuka majua yao na kuacha mwale mmoja. Mtu mzima harekebishi. Akinyoosha mkono, watoto humpiga kofi la vidole, na hilo ni haki yao. Ukipita kijijini siku hiyo ukaona majua yaliyopinda yamejaa milangoni, usiulize kwa nini yana pengo. Taja kimoyomoyo jina la mtoto unayemjua ambaye hakuliona jua. Pengo ni lake, na jua linapita hapo kumtafuta.