Siku Mzee Singano Alipokaa Nyuma

Sogeeni, sogeeni hapa karibu na miguu yangu, na huyo mwenye simu inayoimba aizime kwanza. Nikianza kusema sitaki kusikia hata kijiko kikigonga kikombe. Maneno yenyewe si marefu. Mkishayasikia mpelekeeni na mwingine, hasa yule anayependa kushika usukani.

Palikuwa na fundi wa magari huko Muheza, jina lake Mzee Singano. Gereji yake ilikuwa nyuma ya soko, pale panaponuka machungwa na oili kwa pamoja. Mtu wa maneno machache, mikono yake mizuri. Gari likija linakohoa, alikuwa anakwambia ugonjwa wake kabla hujazima injini, na chai yake bado iko mkononi.

Mzee alikuwa na watoto wawili wa kiume, Hoza mkubwa na Kilua mdogo. Wote wawili aliwafundisha kazi. Sasa macho yakaanza kumsumbua, akaona muda wa kupumzika umefika. Gereji ile ilikuwa ndogo, haiwezi kuwa na mabwana wawili. Mmoja ataichukua, mwingine atapewa shamba la michungwa. Lakini yupi? Hapo ndipo usingizi ulipokuwa unamruka.

Wakati ule vijana wa mjini walikuwa wameshikwa na homa ya kushusha magari. Kila mwenye gari dogo alitaka lilale chini, hasa upande wa nyuma. Mzee akanunua mnadani magari mawili makuukuu ya aina moja, akawaita wanawe.

"Kila mmoja na lake," akasema. "Lishusheni nyuma. Springi na shokapu chagueni wenyewe, stoo iko wazi. Atakayefanya vizuri, gereji yake."

Kwa asiyejua, springi ndiyo inayolibeba gari, na shokapu ndiyo inayoituliza springi isirukeruke kama mwana mbuzi. Ukigusa moja, lazima uifikirie na nyingine.

Hoza hakukawia. Alizifungua springi zilezile za gari, akazikata kwa msumeno, akazirudisha pamoja na shokapu zilezile ndefu. Gari likalala, zuri kweli, hata kidole hakipiti kati ya tairi na madigadi. Watu wa bodaboda wakasimama kulitazama.

"Hoza, hilo limesujudu," mmoja akasema, wakacheka wote.

Kilua yeye alishinda stoo. Anatoa springi hii, anaikalia, anairudisha. Mwisho akachukua springi nzima zilizoundwa fupi tangu kiwandani, akazitafutia na shokapu fupi zinazolingana nazo. Gari lake likashuka, lakini kidogo tu.

"Mdogo wangu, hapo umelishusha?" Hoza akamuuliza.

"Nimelishusha."

"Basi lenyewe limekataa."

Mzee akaja kujaribu. Akapanda mbele, kama kawaida yake. Kwetu huko mzee hukaa mbele na dereva, pengine na mwanawe wa kwanza mapajani. Mama, watoto wengine, mgonjwa, mgeni na kuku wake, wote nyuma. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini hakuna aliyeivunja.

Akazungushwa na gari la Hoza kwenye lami. "Linashika barabara," akasema. Akazungushwa na la Kilua. "Hili nalo si baya. Lakini la kaka yako lina sura."

Basi Hoza akaanza kutembea kama mwenye gereji. Kilua akarudi kunawa mikono. Alijua kwamba michungwa inamngoja, na hakuna kitu alichokipenda duniani kama ile gereji.

Kesho yake kulikuwa na hitima kwa ndugu zao wa shamba. Mzee akasema, twende na gari la Hoza, na huko huko nitatangaza mbele ya ukoo. Hoza akashika usukani, Mzee mbele. Nyuma wakapanda mke wa Mzee, Mama Hoza, na mdogo wake wa kike, Mboni, mwanamke wa maneno huyo, na gunia la mchele likaingia kwenye buti. Kilua akafuata na gari lake.

Wakapita tuta la kwanza. Kitu kikagonga chini, gu.

"Dada, meno yako yapo?" Mboni akauliza.

"Yapo. Yako?"

"Moja nadhani nimeliacha pale kwenye tuta."

Mzee hakugeuka. "Nyie wanawake mnaongea sana huko nyuma."

Wakafika pale barabara inapokata reli. Gari likazama, likagonga, likaruka, likagonga tena. Mama Hoza akashika kiuno kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, "Hoza mwanangu, simama nishuke."

"Mama, bado mbali."

"Najua. Nitatembea."

Akashuka kweli, na kanga yake mabegani, akaanza kwenda. Mzee akashusha kioo.

"Mama Hoza, unaniaibisha barabarani. Gari zuri namna hii?"

"Zuri huko ulikokaa wewe," akasema. "Njoo ukae nilipokaa mimi."

Wauza machungwa wa pale relini wakaacha kumenya. Sasa fikirini, mtu mzima yule, fundi tangu ujana wake, na hajawahi kukaa kiti cha nyuma cha gari lolote. Akikataa, watu watasema ameogopa. Akafungua mlango, akashika fimbo yake, akaenda kukaa nyuma na Mboni.

"Geuza," akamwambia Hoza. "Tupite tena pale relini."

Wakapita. Kofia ikaenda juu, mwenye kofia akaifuata, akagonga paa, akashukia mfupa wa makalio.

"Karibu nyuma, shemeji," akasema Mboni.

Mzee akashuka. Akaenda kwenye gari la Kilua, akapanda nyuma, akamwita Mboni, na gunia la mchele likahamishwa pia, ili mzigo uwe uleule. Wakapita relini. Gari likainama, likainuka mara moja, likatulia.

"Kilua, nani amekufundisha kuchagua hivi? Mimi sikukufundisha."

"Mimi ndiye mdogo, baba," Kilua akajibu. "Kaka alikuwa anakaa mbele, mapajani kwako. Mimi nimekulia nyuma, kwa mama. Kila tukipita tuta nilikuwa naona mama anavyojishika kiuno."

Watu walidhani mambo yameishia hapo. Hapana. Mzee akamchukua mkewe njiani, akasema turudi nyumbani kwanza. Huko uani kulikuwa na gari lake mwenyewe, alilolitengeneza kwa mikono yake, akalitia springi ngumu za kubebea mizigo, na miaka yote alikuwa akijisifu nalo. Akapanda nyuma. Akamwambia Kilua, lipeleke relini.

Aliporudi alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kizingiti.

"Mama Hoza, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Ulisema nini?"

"Nilisema kiuno kinaniuma. Ukaninunulia mto."

Mzee akakaa chini palepale, kando yake. Kule kwenye hitima pilau lilikuwa linapoa, ndugu wanachungulia barabara, yeye hana habari. Hoza alitaka kufungua mdomo kujitetea, baba yake akainua mkono.

"Usijitetee, mwanangu. Ulilitengeneza gari la kumpendeza mtu wa mbele, na mtu wa mbele ni mimi, nikapendezwa. Nimewapa mtihani nyinyi, kumbe aliyefeli ni mimi."

Basi gereji akairithi Kilua, na hadi leo hamkabidhi mtu gari alilolishusha kabla yeye mwenyewe hajakaa nyuma akapitishwa relini. Hoza akarithi shamba la michungwa, na gari lake akalitilia springi nzima yeye mwenyewe bila kuambiwa, maana machungwa nayo hukaa nyuma. Ule mto akaurithi Mboni, akaufunga juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Na kiti cha mbele akakirithi Mama Hoza, Mzee mwenyewe angali hai, akakikalia hadi mwisho, huku mumewe akimuuliza kutoka nyuma, "Huko mbele kwema?"

Funzo: Kazi yako usiisifu ukiwa umekaa penye raha, nenda kwanza ukakae alipo yule asiyeulizwa, na akikuambia panauma, usimpe mto, rekebisha gari.