Kwa Nini Hondohondo Hujiziba Mlango

Ninyi mnaopenda kuwafokea wenzenu mbele ya kadamnasi, sogeeni karibu. Kisa hiki ni chenu.

Zamani, viota vyote vya ndege vilikuwa wazi kwa juu, na Ukukwi, yule nyoka wa kijani wa mitini, alikula mayai atakavyo. Ndege aliyeliwa mayai alipata msiba juu ya msiba. Kila asubuhi, wote wakishakusanyika mtoni kunywa maji, Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, alipanda gogo, akamtaja kwa jina na kumsuta kwa uzembe wake. Mdomo alikuwa nao, na aliutumia. Wakati huo wote mayai yake mwenyewe yalibaki peke yao nyumbani, ila nyani haoni kundule.

Mnana aliliwa mayai mara mbili. Mara ya pili Hondohondo alimuuliza mbele ya wote: "Wewe ni mama, au ni mpishi wa Ukukwi?"

Ndege wakacheka. Mnana alilia njia nzima, kwa uchungu na kwa hasira. Alijua kwamba akipoteza na mayai yajayo, hatakuwa na moyo wa kutaga tena.

Basi akawa anakataa kila kiota ambacho mumewe alimsukia. Alivibomoa mwenyewe, mpaka mume akakubali kusuka kimoja chenye mlango chini na shingo ndefu ya majani, kikining'inia kwenye ncha ya tawi juu ya mto. Humo akataga.

Hondohondo alipokiona, alipata la kusema. Akawaonyesha wote nyumba iliyopinduka, akamwita Mnana mwendawazimu. Alikuwa bado anafoka Ukukwi alipotokea, akatambaa juu ya lile tawi, akateremka kwenye shingo ya majani akiutafuta mlango. Mwili ukakosa pa kushika. Akaanguka majini chubwi, mbele ya wote, na vigelegele vikapasua anga. Hata mimi ningepiga.

Ukukwi akatoka majini na njaa yake, akaelekea kwenye kiota kilichokuwa wazi kuliko vyote, cha Hondohondo. Mnana ndiye aliyemwona. Akapiga ukelele, akatangulia mbele, na ndege wote wakamvamia nyoka kwa midomo na makucha mpaka akatokomea vichakani. Yai hata moja halikupotea.

Hondohondo akainamisha kichwa, akingoja zamu yake ya kusutwa. Wote wakamtazama Mnana. Naye akamwita pembeni, nyuma ya matete, akamwambia kwa sauti ya chini: "Shangazi, ingia kwenye shimo la mti, uzibe mlango."

Na tangu siku hiyo, hondohondo akitaka kutaga huingia shimoni, akajiziba kwa udongo, akaacha upenyo mdogo tu ambao mumewe hupitishia chakula. Nasi tukiwa na neno na mwenzetu, humwita pembeni. Lakini mnana hana haja ya kunong'ona wala kujificha. Kaning'iniza nyumba yake mchana kweupe, mlango chini, nyoka anaiona, na yeye anaimba.